Makumbusho ya Kalenga na Boma la Iringa: Tathmini ya Mzazi Aliyewapeleka Watoto Pamoja na Bibi Yao

Kwa mzazi wa Nyanda za Juu Kusini anayejiuliza awapeleke watoto wapi katika likizo ya Juni, jibu langu ni Kalenga kwanza, Boma la Iringa baadaye, na kote kuwili aende na mzee wa familia. Sharti hilo la mzee ndilo lililonifanya niandike tathmini hii, kwa sababu nimeona makumbusho yaleyale yakimwacha mtoto mmoja bila kumbukumbu yoyote alipokwenda na kundi la wenzake, kisha yakampa maneno ya kusimulia kwa wiki nzima alipokwenda akiwa ameshika mkono wa bibi yake.

Sisi tunaishi Mbeya. Mimi ni Mhehe, mume wangu ni Mnyakyusa, na watoto wetu watatu, wenye umri wa miaka 12, 9 na 5, huzungumza Kiswahili nyumbani. Wanajua kusema "ndaga" wanapopokea kitu kutoka kwa babu yao wa Tukuyu, na wanajua kuitikia "kamwene" wanapofika kwa mama yangu, kijijini upande wa Ifunda. Kila Juni, mahindi yakishakauka na baridi ikishashika, tunapanda basi kupitia Makambako na Mafinga na kwenda kukaa kwake siku kumi. Desturi tuliyo nayo huko ni ndogo na haina gharama. Jioni watu wote, wakubwa kwa wadogo, hukaa kuzunguka rundo la mahindi na kupukuchua kwa mikono, huku mama akisimulia. Ana kanuni mbili ambazo hajawahi kuzilegeza tangu nilipokuwa mtoto mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba asiyepukuchua hasimuliwi. Mkono ukisimama, hadithi nayo inasimama, na wenzako wote wanakugeukia. Ya pili ni kwamba hadithi iliyosimuliwa leo itasimuliwa kesho na mtoto mmojawapo, naye mama husikiliza na kusahihisha pale tu panapoharibika.

Nimeitaja desturi hiyo mapema kwa kuwa ndicho kipimo nilichokwenda nacho. Nilitaka kujua kama nyumba yenye vitu vya kale ndani ya vioo inaweza kumfanyia mtoto kile ambacho rundo la mahindi linamfanyia, yaani kumpa kazi ya mikono, kumpa mtu wa kumsikiliza, na kumpa zamu ya kusimulia.

Kwanza nieleze jinsi jambo hili lilivyoshindikana mara ya awali. Binti yangu mkubwa alikwenda Kalenga mwaka mmoja kabla yetu, katika ziara ya shule. Walikuwa watoto wengi ndani ya basi moja, wakaingia kwa mafungu, kila fungu likapewa dakika chache, na mwalimu akawaagiza wanakili maandishi ya kwenye kuta kwa sababu yangeulizwa katika jaribio. Aliporudi nilimwuliza ameona nini. Alinijibu kwamba aliona fuvu, na kwamba njiani walinunuliwa soda. Daftari lake lilikuwa na tarehe zote, zimeandikwa vizuri kabisa, lakini hakuwa na neno hata moja la kumwambia mdogo wake. Sikumlaumu mtoto, na sina haja ya kuitaja shule, kwani walimu wenye madarasa makubwa hufanya wanachoweza. Niliumia tu, kwa kuwa babu mzaa babu yangu aliishi katika nchi ile katika miaka ileile, na mtoto alipita pale kama mgeni.

Safari hii tulikwenda watu watano: mimi, watoto watatu, na mama. Ndani ya basi kutoka Mbeya nilikuwa nimeanza maandalizi kwa njia ambayo nilijifunza kutoka kwa watafiti wawili wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliandaa maswali 20 ya kumwuliza mtoto kuhusu familia yake: kama anajua wazazi wake walikutana wapi, bibi na babu zake walikulia wapi, jina lake lilitoka kwa nani, na mengine ya namna hiyo ambayo mtoto hawezi kuyajua kwa kuyaona, ila kwa kusimuliwa tu. Waliona kwamba watoto wenye majibu mengi walielekea kuwa na utulivu wa moyo na kujiamini zaidi, lakini wakaonya kwamba kumkaririsha mtoto majibu si dawa, kwa kuwa yanayomjenga ni mazungumzo ya muda mrefu ambamo majibu hayo hupatikana. Nilipolisoma onyo hilo nilimkumbuka mama na kanuni zake. Watoto wangu walijibu maswali ya upande wa Tukuyu vizuri kuliko ya upande wangu, jambo lililonifundisha kwamba baba mkwe wangu anafanya kazi yake, na kwamba mimi nilikuwa nimezembea.

Kalenga iko kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, kando ya njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Daladala zipo, lakini kwa ajili ya magoti ya mama tulikodi teksi ya kwenda na kurudi, na ninamshauri yeyote mwenye mzee afanye hivyo. Ninashauri pia kuanza na Kalenga kabla ya mji, kwa sababu ambayo mama aliieleza kabla hata hatujashuka garini: Iringa ya kwanza ilikuwa hapo. Neno lenyewe limetokana na "lilinga", ambalo kwa Kihehe ni ngome, na ngome hiyo ilikuwa ya Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ambaye vitabu humwita Mkwawa. Wajerumani waliivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, na mwaka 1896 wakaanzisha kituo chao mahali ulipo mji wa sasa, wakalichukua na jina. Mwanangu wa kati, ambaye hupenda mambo ya ramani, alinyamaza kwa muda akifikiri jinsi jina la mji linavyoweza kuhama.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Asiyejua anaweza kuyamaliza kwa robo saa na kutoka akiwa amevunjika moyo, hasa akiwa amezoea majumba makubwa ya Dar es Salaam. Sisi tulikaa pale karibu saa mbili. Mwongozaji alitupokea kwa "kamwene", na mwanangu mdogo wa miaka mitano aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, akakubalika papo hapo kuwa mtu wa nyumbani. Mwongozaji alisimulia kwa mpangilio mzuri na kwa heshima: vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo jeshi la kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski liliangamizwa pamoja naye mwenyewe; kuanguka kwa Kalenga; miaka minne ya kuwindwa msituni; na kifo cha Mkwawa tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Jambo nililolipenda zaidi katika huduma yake ni kwamba alipomwona mama akifungua kinywa, alisimama na kumwachia nafasi. Si kila mwongozaji anayeweza kuipokea sauti ya pili katika simulizi anayoijua kwa moyo.

Sasa nizungumzie fuvu la Mkwawa lililowekwa hapo, maana najua ndilo swali la kila mzazi. Je, mtoto mdogo aonyeshwe fuvu la mtu? Mimi nilikwenda nikiwa na wasiwasi, nikipanga kubaki nje na mdogo. Mama alinikataza. Alimshika mtoto mkono, akavua kitambaa chake cha kichwani akakifunga upya vizuri, akamwambia, "Mume wangu, tunaingia kumsalimia mzee. Mbele ya mzee hatukimbii wala hatupigi kelele." Mtoto akaingia kwa adabu ile ile anayoingia nayo sebuleni kwa babu yake, akasema "shikamoo", akatazama, na baadaye akauliza kwa nini mzee amelazwa ndani ya kioo. Hakuota ndoto mbaya usiku huo wala siku nyingine. Ninaamini kilichomkinga ni kwamba alikuta mambo yenye utaratibu anaoujua, na mkono anaoujua. Mzazi atakayeingia yeye mwenyewe akiwa na hofu, akimfumba mtoto macho, atamfundisha kuogopa. Huyo ni afadhali amwache mdogo nje acheze.

Lakini kilichowashika wakubwa wawili hakikuwa kulitazama fuvu, bali kusikia lilivyorudi. Baada ya kifo cha Mkwawa, kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika kifungu chake cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, ikapita miaka mingi bila kurudishwa. Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, mwaka 1953, akakuta makumbusho yenye mafuvu kwa maelfu, na ili kupunguza idadi alitumia vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Fuvu lililochaguliwa lilikabidhiwa hapo Kalenga tarehe 19 Juni 1954, kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama kweli ndilo lenyewe, na binti yangu, ambaye sasa alikuwa ameiacha kalamu yake mfukoni, aliuliza swali hilohilo bila kuogopa. Mwongozaji alimjibu kwa uaminifu kuhusu vipimo vya Twining. Mama akaongeza la kwake: "Wenye ndugu yao walimpokea, wakamwomboleza. Kazi ya ndugu ni hiyo."

Kilichofuata sikukitegemea. Mwanangu wa miaka tisa alimgeukia mdogo wake, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili kama anayepima tikiti, kisha akakipapasa cha dada yake, na mwisho akamwomba bibi ainame kidogo. Alitaka kujua kama vichwa vyetu vinafanana. Mama aliinama. Mtoto akapima, akatangaza kwamba cha mdogo na cha bibi ni kimoja. Miaka yote nimejitahidi kumweleza mtoto huyo maana ya ukoo, mwiko wetu wa chakula ulitoka kwa nani na kwa nini anaitwa jina la mtu aliyekufa kabla hajazaliwa, na sikuwahi kufika pale alipofika kwa dakika moja kwa viganja vyake mwenyewe. Nje ya jengo yapo makaburi ya Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi, mtoto na mjukuu wa Mkwawa, na hapo binti yangu aliwapanga wadogo zake na kuwaeleza nani alimzaa nani, akakosea mara moja, mama akamsahihisha, akaendelea. Zamu yake ya kusimulia ilikuwa imeanza bila mtu kumwambia.

Boma la Iringa tulilitembelea kesho yake, na ninasisitiza kesho yake, kwa kuwa nimesikia watu wakiunganisha maeneo yote mawili, pamoja na Isimila, katika siku moja. Mtoto hawezi. Isimila, yenye zana za mawe za watu wa kale sana, ni mahali pazuri mno, ila niliiacha kwa makusudi: nilitaka watoto wangu kwanza wakutane na watu wenye majina.

Boma ni jengo la mawe la enzi ya Wajerumani lililopo katikati ya mji, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ofisi za serikali, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Iringa kilihusika nayo sana. Ni pana kuliko Kalenga, limetunzwa kwa usafi, maelezo yake yanasomeka vizuri, na ndani yake kuna maisha ya kila siku: vyungu, vigoda, zana za kilimo, vikapu, picha za zamani. Kwa mtoto anayesoma mwenyewe, wa darasa la nne kwenda juu, ningesema hapa ndipo atakapojifunza mengi zaidi. Kwa mtoto mdogo ni pagumu kidogo, kwa kuwa vitu ni vingi na mkono wake hauruhusiwi kugusa, na hilo si kosa la mtu yeyote. Ndivyo makumbusho yote duniani yalivyo.

Na hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Mbele ya kikapu cha milulu, mama alisimama muda mrefu kuliko alivyosimama mahali pengine popote. Watoto walimfuata, wakasubiri. Akawaeleza jinsi majani ya milulu yanavyokatwa mabondeni, yanavyokaushwa, na jinsi msusi anavyoanza kitako cha kikapu, sehemu ambayo mtoto hapewi mpaka mkono wake ukomae, kwa kuwa kitako kikienda upande kikapu chote kinakwenda upande. Viganja vyake vilikuwa vikisuka hewani alipokuwa akisema. Kisha, kwa sauti ileile ya kawaida, akasema kwamba mwaka nilioingia sekondari alisuka vikapu usiku kucha kwa miezi kadhaa, akavipeleka sokoni Iringa mjini, na hela hiyo ndiyo iliyoninunulia sare, ndoo na godoro. Mimi nina umri wa miaka 41 na sikuwahi kulijua jambo hilo. Nilidhani ni marehemu baba aliyelipa kila kitu. Nililia pale pale, binti yangu akanishika mkono, na mwanangu wa kati akamwuliza bibi swali la maana kuliko langu lolote: "Kwa nini hukumwambia mama?" Mama akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza, na kwamba kikapu alikuwa hajakiona cha namna ile tangu aache kusuka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Makumbusho haya mawili hayampi mtoto kazi ya mikono, wala hayampi zamu ya kusimulia. Hivyo lazima uvilete mwenyewe kutoka nyumbani. Lakini yanafanya jambo moja ambalo rundo la mahindi haliwezi: yanamwonyesha mzee kitu alichokisahau, na kinywa chake kinafunguka. Mama amesimulia mbele yangu kwa miaka zaidi ya thelathini, hadithi za sungura, za vita, za njaa, na hiyo ya vikapu haikutoka, mpaka alipokiona kikapu chenyewe.

Anayetaka kwenda ayazingatie machache. Aende asubuhi, kabla watoto hawajachoka na kabla makundi ya wanafunzi hayajafika. Amlipe mwongozaji na amweleze mapema kwamba amekuja na mzee atakayependa kuzungumza. Kiingilio ni cha chini ukilinganisha na mahali pa starehe ambapo wengi wetu huwapeleka watoto siku za sikukuu. Abebe sweta, kwa kuwa Juni ya Iringa haina mzaha, na abebe kitu cha kunywa. Sisi tulibeba togwa ya mama katika chupa, ambayo watoto waliinywa kivulini pale Kalenga wakiwa wamekaa chini. Kila mtoto apewe jukumu kabla ya kuingia. Mgawo wangu ulikuwa rahisi: mmoja alikuwa wa kusalimia, mmoja wa kuuliza swali moja tu ambalo halijaandikwa ukutani, na mmoja wa kumshika bibi mkono kwenye ngazi. Asiye na mzee aliye hai amtafute jirani wa rika hilo anayeijua nchi, amwombe kwa heshima. Naamini wengi watakubali kwa furaha, kwa kuwa ni mara chache mno mtu huwaomba.

Mwenye watoto waliozaliwa Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam, ambao lugha ya bibi yao wanaijua kwa salamu tu, asisubiri mpaka waijue ndipo awapeleke. Wangu walijifunza maneno mapya manane kwa siku hizo mbili, na waliyahesabu wenyewe, kwa sababu kila neno lilikuwa na kitu chake mbele ya macho: ngome, kikapu, mkuki, chungu. Nyumbani nilikuwa nikiwafundisha kwa kuandika kwenye karatasi ya ukutani, na hawakushika hata matatu.

Usiku wa siku ya pili tulirudi kijijini, tukakaa kwenye mahindi kama kawaida. Ilikuwa zamu ya yule wa miaka mitano. Alisimulia habari za mzee aliyechukuliwa kichwa akapelekwa mbali, na wajukuu zake wakakaa wakimsubiri, na siku moja akarudi kwao wakamsalimia. Tarehe hakuwa nazo, na Bremen aliiweka karibu na Tunduma. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kusahihisha neno, akaendelea kupukuchua, kisha akamwambia binti yangu mkubwa kwamba mwakani wataenda Mlambalasi, alikofia Mkwawa, lakini njia ya huko magoti yake hayaiwezi. "Wewe ndiwe utakayewasimulia wadogo zako," akamwambia. "Kwa hiyo kaa karibu hapa, tuanze."